Mita Tisini

Tuliomba mita mia nne za mtaro.
Fomu ilitaka muhuri, tukachonga muhuri;
ikataka hati ya ardhi.
Hapa Mishomoroni hati ni mguu wako
ulipokanyaga.
Tukaandika: "Iko njiani."

Miaka miwili. Kisha ukaja ubao wa bati nene,
mrefu kuliko nyumba ya Bi Nyevu,
kutangaza kuwa pesa ni za umma.
Kisha zikaja pesa: za mita tisini.

Mweka hazina ni mimi. Nikashika tepu,
mlango kwa mlango, watoto wakihesabu
themanini na nane, themanini na tisa,
tisini ikaangukia kizingitini pake.
Maji yote ya juu yatakoma kwa Nyevu.

Hakupiga kelele.
"Hebu soma tena ile fomu,
pale walipouliza wanufaika wangapi."
Elfu moja mia mbili na sita.
"Na mimi nimo?"
Yumo. Labda ndiye yule wa sita.

Jana tumeshika majembe wenyewe.
Leo ni mita tisini na nne,
nne za udongo mtupu,
na ubao tumeulaza juu ya mtaro,
watoto wavukie kwenda chuoni:
maandishi juu,
yasomwe kwa miguu.