Upande Atakaopita

Alhamisi. Mashine namba nne inatetemeka
kama shahidi aliyesahau uongo wake,
na Glenys Ormerod ameikalia
isije ikatembea hadi mlangoni.
Nje, Haslow nzima inanyeshewa
mvua ile ile ya tangu Jumapili.

"Mfalme anakuja Jumanne."
"Si mfalme," anadakia Barrie, "ni binamu yake,
yule mwenye meno."
Anakuja kukata utepe wa zahanati
iliyofunguliwa Machi,
ikafungwa Juni kwa kukosa daktari,
na sasa itafunguliwa tena
kwa dakika arobaini.

Tayari wameziba mashimo ya barabara,
lakini upande mmoja tu,
upande atakaopita.
Upande wa kurudi bado una dimbwi
ambalo wanawe Parveen wamelipa jina
na bata wa plastiki.
Ukuta wa soko umepakwa rangi
mpaka kimo cha dirisha la gari.
Funika kombe, mwana wa mfalme apite.

Barrie hajamaliza. Barrie hamalizi.
Ana soksi moja mkononi, ndiyo anayohutubia:
vyumba mia ngapi, na vingapi humo havijalaliwa,
na kwenye kizingiti cha benki iliyofungwa
kuna kijana amejifunika zulia.
"Nani aliwapigia kura? Wewe? Mimi?"
"Na wale tuliowapigia?" anasema Glenys.
"Sijamaliza kujifunza jina la mmoja,
gari la kuhamia limeshafika mlangoni kwake."

Hapo hata mashine zilinyamaza kidogo.

Parveen anasema yeye anataka kujua bei ya gesi tu.
Kisha, bila kuulizwa, huku akitafuta jozi za soksi:
"Mama yangu alimlilia malkia siku tatu.
Baba alimlilia asubuhi moja."
Hakuna aliyejua pa kuweka macho.
Nikaenda kuangalia sabuni.

Mimi nakunja shuka za hoteli, nalipwa kwa kilo.
"Na wewe, Thelma, uko upande gani?"
Niko upande wa pembe nne, nikawaambia:
shika mbili, nipe mbili, tukutane katikati.
Wakacheka. Sikuwa natania,
shuka la vitanda viwili halikunjwi na mtu mmoja.

Kikaushio kikataka sarafu.
Glenys kaishiwa. Akatoa chini ya mkoba
pochi ya pili, ile yenye zipu,
ambayo sote tunaijua na hatuisemi:
sarafu za malkia tu, kichwa chake,
alizoapa hatazitumia.
Sare za mjukuu zilikuwa zinadondosha maji kapuni.
Akachagua moja iliyosagika,
akaitazama,
ikabaki kiganjani.

Barrie akapapasa mfuko.
"Chukua huyu," akasema. Sarafu mpya,
uso wa mwana unametameta.
"Mimi simhitaji."
Kikaushio kikaimeza, kikaitema.
Akaiingiza tena, kikaitema tena.
"Hata hicho kimemkataa!" Barrie akafurahi
kana kwamba timu yake imefunga bao.
Glenys akaipangusa kwa upindo wa sketi,
akaipulizia,
akaiingiza taratibu
kama anayempa mgonjwa kidonge.
Kikazunguka.

Jumatatu jioni, nikiwa nafunga,
Barrie kagonga kioo.
Mkononi shati jeupe, ndani ya mfuko wa duka la samaki.
"La mazishi," akasema.
Mazishi ya nani?
Akaitazama mashine namba nne kwa muda.
"Tia wanga kidogo," akasema. "Kwenye kola."

Nikalipiga pasi. Kola mara mbili.
Sikumtoza.