Jike Namba Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili na nusu napunguza taa.
Jioni ya kutengeneza, hapa Kisian,
kando ya barabara iendayo Busia.
Ndani ya kizimba cha neti madume wanapanda na kushuka,
moshi mdogo wenye sauti.
Jike mmoja anaingia katikati
na wawili wanaanguka wameshikana
kama njiti ya kiberiti iliyozimika.

Sekunde kumi na tano. Nimehesabu.
Kabla kalamu haijafika mwisho wa mstari
dume amekwisha kwenda zake.
Ameacha donge la utomvu tumboni mwa mwenzake,
na ndani ya donge, homoni.

Kesho yake nawapasua dada zake kwa sindano,
mashine inasaga, inasoma, inatema namba.
Makokha anapitisha kidole kwenye safu:
“Jeni hii imepanda. Hii imeshuka.
Hii ilikuwa imelala fofofo, itazame sasa.”
Ni nyumba iliyohamiwa usiku:
huku jiko limewashwa, kule mlango umepigwa komeo,
mayai yamekaa mkekani yanangoja damu,
na dume mwingine akija kubisha
hakuna wa kumwitikia hodi.
Mara moja tu. Mpaka kufa.

Mama yuko Ahero, nyumba yake imepakana na mpunga.
Yeye humwita suna, na humpiga kwa kandambili.
Nilimweleza kazi yangu kwenye simu,
donge, homoni, mlango.
Akanyamaza, nikasikia vyura upande wake.
“Kwani na huyo,” akasema, “akiolewa haulizwi?”

Nikacheka sana.
Baadaye, nikiosha vikombe, nikaacha.

Makokha anatafuta jinsi ya kuudanganya mlango,
ujifunge kabla ya mgeni kufika,
jike azeeke bila yai hata moja,
na mtoto wa Ahero alale bila homa.
Namtakia heri. Mimi ndiye nimshikiaye sindano.

Ila namba arobaini na moja sikumpasua.
Alhamisi, saa nane mchana, stima ilipotea.
Giza likaingia chumba kisicho na dirisha,
na madume, wajinga, wakadhani ni jioni,
wakaanza kupanda na kushuka.
Nikamulika kwa simu.
Alikuwa amekaa juu ya pamba ya sukari,
miguu ya nyuma imeinuliwa kidogo,
wenzake wakiimba juu ya kichwa chake.
Hakuruka.
Nikaandika: *hakuruka*.
Kisha nikazima simu, nikakaa naye gizani
hadi jenereta ilipokohoa.