Hesabu ya Ndara

Mimi mzaliwa wa Kibokoni, sijui kuogelea.
Nacheka kabla hujacheka wewe.
Maji yakinifika kitovuni nasoma shahada.
Hata hivyo nimo: nina kofia ya klabu, fulana ya klabu,
na kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi,
nakaa mchangani Nyali, daftari gotini,
naandika nani kaingia, nani katoka.

Kumi na tisa. Daktari wa meno, mawakili wawili,
Bi Shanta na mumewe, wasiosemezana mpaka walowe,
na mwenyekiti, Bwana Gathuku wa benki,
ajipakaye mafuta ya mgando kwapani
taratibu, kama apakaye sufuria ya keki.

Mwanakheri alikuja Mfungo Mosi.
Mwalimu wa chekechea, Kisauni.
Vazi kalishona mwenyewe, rangi ya biringani,
toka kifundo cha mguu hadi kichwani,
zipu kaitoa kwenye begi la shule.
Mwenyekiti alikuwa na adabu zote.
"Si ubaguzi, mwalimu. Ni kanuni ya saba.
Vazi lisipite goti. Nguo ndefu huelea, humpa mtu nafuu."
"Nafuu?" akasema Mwanakheri. "Livae wewe, uione."
Watu wakacheka, vizuri tu,
kama wachekavyo watu ambao shauri lao limekwisha.

Nami nikaandika: mgeni. Kisha nikafuta.
Mgeni huhesabiwa.

Basi akawa anaingia kando yetu, hatua thelathini kusini,
bahari ileile, konyeza walewale.
Jumamosi saba. Alikuwa mzito, sisemi uongo;
kitambaa kilimvuta kama mtoto akataaye shule.
Kofia za manjano zikipita, yeye nyuma,
doa la biringani
linazuka, linazama, linazuka.
Akitoka hunisalimu. Humwitikia
macho yangu daftarini, kana kwamba daftari limeniita.

Jumamosi ya nane ilikuwa bamvua.
Maji yalishaanza kutoka, yanavuta kuelekea mlango wa mwamba,
na manyunyu yamefuta upeo wa macho.
Kumi na tisa wameingia, kumi na tisa wametoka.
Nikapiga mstari. Nikatia na sahihi.
Chai ya tangawizi ikamiminwa, mahamri yakapita mkono kwa mkono,
Bwana Gathuku akasema, "Alhamdulillahi, hata mimi nasema.
Sote salama."
Magari yakaondoka moja moja.

Mimi nilibaki kukung'uta mkeka.
Ndipo nikaziona: ndara za buluu,
ya kushoto imefungwa kwa waya,
zimeelekea baharini.

Nilifungua daftari.
Nikatafuta jina lake, kana kwamba lingekuwamo
naye angetoka.
Kurasa zote nane. Halimo.
Kwa hivyo hakupotea. Kwa mujibu wa daftari
baharini hamkuwa na mtu.

Nikaingia mpaka kitovuni. Mpaka kifuani.
Nikaita "Mwalimu!" kama mtoto wa chekechea,
chumvi ikanijaa kinywani, nikarudi.
Mlinzi wa hoteli akanitazama,
akaona fulana ya klabu, akaniacha.

Saa tatu na robo alikuja kwa miguu, kutoka upande wa Bamburi,
kidevu kimevimba kwa konyeza,
anakamua pindo la vazi.
"Mkondo ulinichukua, nikauacha unichukue," alisema.
Akavaa ndara. Kisha:
"Mbona hujaenda? Kwani umebakisha mtu?"

Sikujibu. Kanuni ya saba ipo,
mwaka huu imepigwa chapa upya, na nembo juu.
Usiniulize kwa nini sijajiuzulu. Fulana naipenda,
na mahamri ya Bi Shanta yana iliki.

Ila siku hizi, kabla ya mstari,
nafunga daftari nashuka ufukweni
nahesabu ndara.
Za klabu, za muuza madafu,
za watoto wa Kongowea walioruka ukuta.
Jumamosi iliyopita, jozi ishirini na saba.
Jua lilikuwa limenifika utosini
jozi ya mwisho ilipoondoka.