Kipande cha Sitini na Tatu

Saa tatu kasorobo, ukumbi wa uhandisi, Sohar.
Kiyoyozi kinavuma kama kinachodai kodi.
Nimekaa safu ya nyuma, karibu na mlango,
pale wakaapo watu ambao simu zao zaweza kuita
kwamba bomba la maabara limepasuka.

Kwenye kadi ya kazi naitwa Mubarak.
Nyumbani, kwa Kiswahili tulichokibeba kutoka Tabora
pamoja na cherehani ya mama na sufuria mbili,
mimi ni Mbaruku.

Shinuna anasimama. Abaya mpya,
viatu vile vile vya maabara,
vumbi la saruji bado limo kwenye mishono.
Nadhani alisahau kubadili.
Nadhani pia hakusahau.

Anaanza: chumvi ya pwani ya Batina,
inavyopenya zege taratibu kama mdokozi aijuaye nyumba,
hadi ifike kwenye nondo, iketi, ile.
Miaka minne. Silinda mia nne na kumi na mbili.
Yeye alizikoroga, akazilaza majini.
Mimi nikazivunja.

Hilo halimo kwenye slaidi.
Kwenye slaidi ni nukta, nukta, nukta,
za buluu, zikipanda mlima kwa adabu.
Lakini mimi nazijua kwa sauti.
Hii ililia pa! kama mlango wa gereji.
Ile ilinung'unika kwanza, kisha ikamwaga ubavu.
Ile pale tuliivunja Ramadhani, saa nane mchana,
hatuna hata mate ya kusemea "pole".

Na ile, peke yake huko chini,
kama mtoto aliyenuna kwenye picha ya harusi:
sitini na tatu.

Mtahini yumo kwenye skrini, yuko nchi ya mbali,
uso unaganda, unaganduka.
Anauliza kwa sauti inayokatika:
hiyo nukta, kwa nini, huku, ifuta?

Baba yake Shinuna, muuza matairi wa Saham,
Kiingereza hakijui, ila kimya anakijua.
Anaacha kuchezea kofia.

Usiku ule umeme ulikatika saa saba.
Chumba cha unyevu kikashika joto la Julai.
Asubuhi alikuja, macho mekundu:
Ami Mbaruku, tuifiche hii moja tu.
Nikampa maneno ya baba yangu, mwashi,
aliyewahi kubomoa ukuta wa watu
akaujenga upya kwa pesa yake:
saruji haina haya, mwanangu.
Usipoisema, itakusema.

"Kwa sababu ilitokea," anajibu.
Anakunywa maji. Anaendelea:
hakuna nyumba Sohar iliyomwagiwa zege
kwenye nyuzi ishirini na tatu, usiku na mchana.
Huenda katika zote hizi, hii ndiyo inayofanana na kwetu.
"Na fundi wetu, Mbaruku, alinikataza kuifuta."

Hakusema Mubarak.
Nusu ya ukumbi ikageuka kumtafuta mtu huyo.
Nikainama kufunga kamba za viatu.
Nilikuwa nimevaa makubadhi.

Jopo likatoka, likarudi, wakamwita daktari.
Mama yake akapiga kigelegele, akakikatiza katikati
alipokumbuka yuko chuoni,
kisha akakimalizia.
Halua ya zafarani. Sambusa zilizopoa.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazi, wakaja watoto wa mtaani,
miwani ya kinga ikiwaning'inia puani.
Azzan, wa darasa la tatu, alishika silinda yake kama paka.
Ina nguvu kiasi gani?
Hatujui mpaka ivunjike, nikamwambia.
Akafikiri.
Basi si tungeikalia tu?
Nikampigia saini, akaenda nayo nzima.

Nusu ya kipande cha sitini na tatu iko kwangu,
inazuia mlango wa jikoni usijifunge.
Mke wangu amejikwaa mara mbili, anasema ataitupa.
Sijamwambia kwamba imo kitabuni,
ukurasa wa mia na nane,
ikiwa chini, peke yake, imenuna.