Daftari la Kisima

Mimi ndiye karani wa kisima cha Baruti.
Shilingi tano mtungi, kumi na tano kwa mwenye punda.
Naandika kwa kalamu ya buluu; ikigoma
naipumulia ncha hadi ikubali.

Wageni wa mkopo walikuja Jumanne.
Wakauliza: maji yanatoka? Yanatoka.
Kila siku? Kila siku, hata Jumapili.
Wakatia alama ya vema mahali pa vema,
wakapima bomba kwa hatua, mia mbili na sita,
kisha wakataka picha ya mtoto akicheka.

Nikamwita Jerotich wa darasa la nne,
mwepesi wa hesabu, mwepesi wa utani.
Akasimama kando ya mfereji, sare imepigwa pasi.
"Cheka," akasema mpiga picha.
Akatabasamu midomo imebanwa
kama mfuko wa sukari uliofungwa kwa uzi.
"Cheka basi!"
Akapeleka kiganja mdomoni.

Siku alipong'oka jino la utoto
alilirusha juu ya bati, akaomba
arudishiwe jeupe kuliko lile.
Bati lilipokea.
Jipya likaota na rangi ya turungi,
madoa kama ya kaka zake, kama yangu.

Maji yetu ni maangavu. Yatoka chini sana,
kwenye mwamba uliowahi kuwa moto,
na mwamba una chumvi yake isiyoonjeka.
Dawa twaijua: mifupa ya ng'ombe ichomwe,
iwe mkaa, isagwe, ijazwe ndani ya pipa,
maji yapite humo polepole.
Nikaomba pipa.
Wakapekua karatasi, wakapekua tena,
wakanijibu kwa upole wa watu wenye safari:
bajeti ilikuwa ya kuchimba.

Mkopo, nimesoma, utalipwa miaka thelathini.
Jerotich atakuwa na arobaini.
Hakuna aliyemwambia kwamba ameshaanza kulipa.

Ripoti ilipofika, picha ilikuwa imekatwa:
mkono, mtungi, mfereji.
Maji yanang'aa kweli.

Usiku ule nikafungua daftari.
Baada ya tarehe, mitungi na fedha
nikapiga mstari mmoja zaidi kwa rula ya mwanangu.
Juu yake sikujua niandike neno gani.
Nikaanza tu: Jerotich, mmoja.
Kiprop, mmoja. Wangeci na mdogo wake, wawili.
Kalamu ikagoma.
Nikaipumulia.