Kumi na Moja

Ami Khatibu aliichezea Unguja kriketi mara mbili.
Mara ya kwanza, mikimbio kumi na moja.
Ya pili, mpira wa mwanzo tu, vijiti chali,
na ubaoni walimwandika "Hatibu".

Alikuwa karani wa mizani, Wete.
Alivuka kwa meli ya usiku, suruali nyeupe ya kuazima,
mpini wa gongo kaufunga kipande cha kanga ya mamake.
Mnazi Mmoja, asema, majani yalinyolewa
kuliko kidevu cha hakimu.

Barua ya tatu haikuja.
Ukaja msimu, na magunia.

Usimwonee huruma. Muulize zile kumi na moja,
atakuhesabia:
ya nne ilipenya miguuni mwa Mgoa mmoja mnene,
ya saba kaikimbia kiatu kimoja kimemvuka,
ya tisa hata yeye hajui ilipitaje.

Ya kumi na moja hasimulii.
Huinuka, akaangalia mawingu upande wa Mtambwe,
akaliokota gongo lile lile jamvini,
akaendelea kugeuza karafuu.