Tembo Niliyemtoa

Nilimtoa mapema, saa nne kasoro robo,
kabla chai ya Hamazasp haijapoa.
Kutoka d3 mpaka h7, mshazari mmoja mrefu,
tembo akampiga askari aliyesimama mlangoni kwa mfalme,
nami nikabonyeza saa kwa kidole kilekile
kama mtu anayezima taa akalale.

Hiyo ndiyo hatua wanayonisifia.
Ukumbi wa kiwanda cha soksi, Gyumri, mwezi wa pili,
hita mbili, moja imekufa.
Watu waliacha meza zao wakaja kusimama nyuma yangu,
makoti yao yakinuka theluji na tumbaku.
Nilisikia pumzi. Hakuna aliyesema neno.

Mfalme akamla tembo. Angefanyaje?
Farasi wangu akaruka g5: shaha.
Mfalme akarudi nyumbani, g8, kimya,
malkia wangu akatua h5,
mauti yakawa yanabisha hodi mahali pamoja tu.

Kwetu ngome tunaiita mashua.
Nchi haina pwani, milima imeizingira kila upande,
lakini kila ubao una mashua nne
na watoto wa darasa la pili hawaulizi bahari iko wapi.
Hamazasp aliishika yake kwa vidole vya fundi wa kuchomelea,
akaisogeza nyumba moja, e8,
ili mfalme apate pa kukimbilia.
Kumbe anamfungulia njia ya machinjoni.
Hatua tano zaidi. Tukapeana mikono.

Sasa ni usiku, ubao uko juu ya meza ya jikoni.
Tembo wake wa c8,
ambaye hakuwa amejongea tangu mchezo uanze,
angetoka akasimama f5. Basi.
Nyumba tatu tu, mlango umekomewa,
nami ningebaki na malkia anayegombana na ukuta
na tembo mmoja pungufu.
Nimejaribu mara kumi na moja. Sina jibu.

Bibi Arusyak alinifundisha ndani ya kontena,
miaka ile baada ya tetemeko,
tukisogeza vipande tukiwa tumevaa glavu.
Usitoe usichokihesabu, alikuwa akisema,
na alihesabu hata vijiti vya kiberiti.
Mimi sikuhesabu.
Niliona shaha mbili mbele, kisha ukungu,
na ukungu ule nikaupenda.
Watu hutoa kafara kufukuza balaa;
yangu niliitoa kuiita,
nikakaa nimekunja mikono
kama niliyeialika kwa barua.

Wala si hilo linalonikesha.
Tulipokuwa tukivaa makoti, Hamazasp aliinama
akasema karibu na sikio langu, bila chuki:
"Tembo f5. Niliiona, Varsenik.
Ila nilitazama mkono wako, haukutetemeka,
nikajua lazima kuna kitu mimi sikioni."

Hakikuwepo.
Mkono ulikuwa umekufa ganzi.
Nilikaa upande wa hita mbovu.

Ningemwambia? Nilifunga vifungo, vyote sita,
nikasema asante kwa mchezo.

Karatasi iko hapa. Hatua ya kumi na tatu,
vijana wa klabu wameiwekea alama ya mshangao,
wino mwekundu, wameikandamiza mpaka karatasi imetoboka.
Nimeshika kalamu niongeze ya kuuliza pembeni yake.
Kutoka chumbani Gurgen ananiuliza kama nilishinda.
Nimeshamjibu ndiyo, mara mbili.

Tembo mwenyewe yuko kando ya sahani ya mkate,
amechubuka rangi shingoni, ananuka vidole vyangu.
Hakuna aliyemuuliza.
Alikwenda kwa sababu nilimpeleka,
akaliwa kwenye nyumba ya jirani
akiamini, kama vipande huamini, kwamba nimeona mbali.

Kesho raundi ya sita. Wanasema fundi wa hita
hatafika kabla ya Jumatatu.
Nitaomba kiti kilekile.